Baruti Kwanza

Bi Zawena alifyatua gobori lake. Fataki, kile kikofia kidogo cha kulipulia, ikalia ta! kisha kimya. Hakuna mlio, hakuna moshi.

Wenzake wa klabu ya magobori, waliokutana kila Jumamosi kulenga shabaha kwa kujifurahisha, walijua mara moja kosa lake. Amesahau baruti. Ameshindilia risasi kwenye mtutu mtupu.

"Lete nikutolee hiyo risasi, dada," alisema Shemboko, mshindani wake wa miaka mingi. "Leo ndiyo kwanza unarudi. Mkono wako bado haujapona."

"Kiharusi kimechukua mmoja, Shemboko. Wa pili ninao."

Akaketi chini, akalibana gobori kwa magoti. Akafunga skrubu kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akauzamisha mtutuni na kuanza kuuzungusha kwa mkono wa kushoto ili skrubu iing'ate risasi. Skrubu ikateleza. Akaanza upya. Ikateleza tena. Wenzake wakaacha kulenga, wakamtazama jasho likimdondoka puani. Mwishowe risasi ikatoka, imechubuka kama jino lililong'olewa.

Safari hii alitaja kila kitu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: "Baruti! Kitambaa! Risasi!" Akapachika fataki, akalaza mtutu juu ya gogo, akafyatua.

Uwanja ukatikisika. Moshi mweupe ukameza shabaha, ukammeza na yeye mwenyewe.

"Umepata?" Shemboko aliuliza huku akikohoa.

Ndani ya moshi, Bi Zawena akiwa ameshaanza kulijaza gobori upya, sauti yake ikajibu:

"Baruti!"