Unene wa Ubao

Zama hizo sheria ilikuwa moja: mchoro ukiharibu ubao, mchoraji naye alikatwa kwa kadiri ya kosa lake. Semboja alilijua hilo alipoanza biashara ya makabati, akichora kwenye kompyuta na kutuma michoro kiwandani mbao zikakatwe.

Kabati la kwanza likagoma kufunga. Kwenye vipimo alikuwa amesahau kupunguza unene wa ubao, sawa na upana wa kidole gumba.

"Lete mkono, fundi," alisema kwa upole dereva wa kiwanda aliyeleta mbao, akishusha msumeno garini.

Msumeno ukanguruma. Semboja akapiga ukelele, damu ikatapakaa kwenye milango mipya.

Nakijwa, mkewe, alimfunga jeraha kwa kanga, akafuta milango, kisha akaketi mbele ya kompyuta.

"Pumzika, baba Tabu. Vidole vyangu bado vyote."