Vuta Taratibu

Sajenti Nikodemu alikuwa akitafuna muhogo wa kuchemsha, na mbele yake lori limezama mtoni na maiti ndani. Kipande kilekile, tangu walipofika. Luteni Abdulkarim alimtazama akaona kinyaa. Mkuki kwa nguruwe, alijisemea.

Luteni alikuwa na wiki mbili tu kikosini, na maiti ya mtu aliyekufa maji hajapata kuiona. Asubuhi ile Sajenti aliwasha injini kabla amri haijasomwa hadi mwisho.

Ulikuwa mwaka wa Elnino. Karibu na kijiji cha Mbingu mafuriko yalichukua daraja, pamoja na lori la mpunga na dereva wake, Damiani. Siku ya nne jeshi likaleta kifaru kisicho na mzinga, chenye winchi na mkono wa kunyanyulia mizigo. Watu walikikimbia hata hivyo.

Mama wa marehemu, Konsolata, alikuja peke yake kutoka Mlabani. Alikaa ukingoni na shuka jeupe mapajani. Wazee wa pale walimwambia mto ukimnyima mwili, itabidi azike mgomba badala ya mwanawe, ndiyo desturi.

"Mimi sikuzaa mgomba," aliwajibu.

Sajenti alimwendea. Hakumpa pole.

"Alikuwa anaendesha dirisha wazi?"

"Wazi. Joto alikuwa haliwezi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kifaru chake.

Askari mmoja alizamia, akafunga waya. Winchi ikaanza kuvuta. Lori likisogea hatua moja Sajenti anasimamisha, anasubiri maji yatulie, anavuta tena. Adhuhuri ikapita hivyo, mvua ikinyesha.

Saa nane redio iliita. Kifaru kinatakiwa Chita kabla ya jioni.

"Ongeza mwendo, Sajenti."

"Nikiongeza mlango utang'oka, afande. Aliyemo ataondoka na maji."

"Hiyo ni amri."

"Ndiyo, afande."

Lakini mkono wake haukuongeza kitu. Luteni alikosa la kufanya, maana hakuna mwingine aliyeijua winchi ile. Konsolata alikuwa ameung'ang'ania waya kwa macho, midomo ikimcheza bila sauti.

Saa kumi na moja lori lilifika ukingoni, milango yote miwili mahali pake. Sajenti hakumruhusu mtu kusogea. Aliingia mwenyewe, akamtoa Damiani akiwa amembeba mikononi, akamlaza kwenye lile shuka na kumfunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Kisha akarudi kukunja waya, uso mkavu kama mtu aliyetua gunia.

Luteni alishindwa kuvumilia. Alimfuata Konsolata, akachuchumaa mbele yake. Aibu ilimjaa.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Utusamehe kwa yule sajenti. Kazi hii imemkausha moyo, hata pole hajakupa."

"Marahaba, mwanangu." Konsolata alikuwa akimfuta marehemu tope masikioni kwa ncha ya kanga, na hakuinua uso. "Mwache akunje waya wake. Huyu ndiye mtoto pekee tuliyempata, mimi na yeye."