Nafasi Moja ya Sur

"Ufute huo ujumbe, Mama! Nani atajua?"

"Mungu hajui?" nilimjibu binti yangu, lakini simu sikuiweka chini.

Fomu zao za maombi nilizijaza mimi, yake na ya Mazoon, yatima wa dada yangu, zote kwa namba yangu ya simu. Sasa kampuni moja ya mji wa Sur imemchukua Mazoon kwa mafunzo ya kazi; wangu yumo kwenye orodha ya akiba. Mazoon asipojibu kabla ya adhuhuri, nafasi ni ya wangu.

Jikoni, Mazoon alikuwa akituchemshia kahawa huku akiimba. Nilimwonea wivu. Kwa nini yeye?

Kidole gumba kilikuwa kinanata kwa tende. Nikakipangusa kwenye kanga, nikabonyeza "Nakubali", nikamsukumia binti yangu simu.

"Kampe habari mwenyewe. Na ucheke."