Kiti cha Pili

Siku meneja alipoagiza kompyuta za ofisi zisipakue kitu bila idhini, Melkiori, fundi wa kompyuta, alitafuta kiti cha pili. Miaka sita alikuwa amekaa peke yake katika chumba kile cha chini. Sasa kila aliyetaka kupakua faili ilibidi ashuke ngazi kuomba, na akisubiri, alikaa na kupiga soga. Bi Hidaya wa masjala ndiye aliyeshuka mara nyingi.

"Fundi, nifungulie video ya mjukuu wangu. Ameanza kutambaa!"

Waliitazama mara mbili, wakacheka mpaka machozi.

Mwezi haukuisha, meneja akapiga simu. "Watu wanapoteza muda huko kwako. Kuanzia kesho waombe kupitia kompyuta, wewe ubonyeze tu."

Kesho yake hakushuka mtu. Saa nne ombi la Bi Hidaya likatokea kwenye skrini: "Mjukuu amesimama! Nifungulie, fundi." Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Kubali na Kataa.

Melkiori alibonyeza Kataa. Kisha akakifuta vumbi kile kiti cha pili, akakisogeza karibu na meza, akatega sikio upande wa ngazi.