Namba ya Mwalimu Martina

Bati la choo cha walimu liling'oka, likapaa juu ya uwanja wa shule, likaangukia kwenye mihogo. Mwalimu Martina hakuligeukia. Alijifunga kanga kichwani, akatoka ofisini amepinda mgongo kwa upepo, akaelekea kwenye kipimo cha mvua.

Kipimo hicho, kopo refu la bati lenye chupa ndani, kilisimikwa katikati ya uwanja na watu wa hali ya hewa, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kukisoma. Lakini siku za dhoruba, wa kwanza kuitaka namba alikuwa Edson, msimamizi wa duara, shimo la wachimba dhahabu kule bondeni, upande wa Rwamgasa. Korongo linaloteremka kutoka vilimani hupita nyuma ya shule, kisha hatua chache kutoka mdomo wa duara. Mvua ya huku juu huweza kuwafikia wachimbaji kabla hawajaona tone. Kwa hiyo walikubaliana: kipimo kikifika milimita arobaini, watu wote watoke.

Novemba iliyopita Martina alimpigia akamwambia kwamba nyuma ya kilima kumekuwa kweusi kama sufuria ya kuni. Edson alimjibu kwa upole kabisa kwamba mawingu hayapimwi, ampe namba, na kipimo kilikuwa kikavu. Jioni ile waliopolewa watu watatu, wote wamekufa. Mmoja wao alikuwa Theonest, mdogo wa Martina wa kuzaliwa.

Leo aliyekuwa chini, pamoja na wenzake kumi na wanane, alikuwa Masalu, mume wake.

Alikiinamia kipimo, akakifunika, akarudi mbio huku vumbi likimkereketa machoni. Saa tisa na nusu alasiri alimtajia Edson kumi na mbili. Saa kumi kasorobo, ishirini na nane. Nyuma ya kilima radi zilifuatana bila kupumua, hadi vioo vya dirisha vikawa vinalia. Mbuzi walijikusanya barazani, wakanyamaza. Ukimya wao ulimtisha kuliko radi.

Alitoka mara ya tatu. Aliporudi alikosea kubonyeza simu mara mbili.

"Arobaini na sita," alisema.

Edson akaeleza kwamba ndiyo kwanza wameufikia mwamba wenyewe, kwamba tangu Jumatatu wamekuwa wakipasua mawe matupu, na kwamba huko kwake jua linawaka.

"Una hakika, Mama Limi?"

"Nimekupa namba, Edson. Mtoe Baba Limi na wenzake."

Simu ikakatika.

Alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu akisali kwa Kisukuma, kama bibi yake alivyomfundisha. Mtandao ulirudi jua likizama. Aliyepiga alikuwa Masalu mwenyewe, sauti imemkauka. Alisema walipandishwa kwa kamba mmoja mmoja, wengine wakimtukana msimamizi kwa kuwakatizia kazi. Yeye alitoka wa mwisho. Hajavua kofia, maji yakaja na korongo, mekundu, yamebeba magogo na ng'ombe mzima. Yalifagia winchi na kibanda, yakaingia duarani, na duara likajifunga.

Asubuhi Edson alifika shuleni kwa pikipiki, tope limemkaukia hadi magotini. Alimwamkia Martina shikamoo, ilhali anamzidi miaka kumi. Akamwambia kwamba watu kumi na tisa wameamka kwao kwa sababu ya namba ile, na kwamba anaomba aione kwa macho yake, aipige picha akamwonyeshe mwenye duara.

Martina akamsogezea daftari la serikali, lililojazwa saa tatu kamili asubuhi hiyo kama kanuni inavyotaka.

Kidole cha Edson kilishuka polepole hadi mstari wa mwisho. Mwandiko ulikuwa wa kiualimu, umenyooka: *Upepo mkali, radi, vumbi. Mvua: sifuri.*