Firigisi kwenye Sahani Nyeupe

Tangu baba yao azikwe, firigisi ya kuku ilikuwa ya Kibwana, maana ndiye kifungua mimba, na hakuna aliyewahi kuhoji. Lakini chakula cha leo, kwenye hoteli ya fahari ndani ya bustani ya michezo, kilikuwa mwaliko wa mdogo wake, Nassoro. Mama mwenyewe alimwomba mhudumu firigisi isitupwe jikoni. Ikaja peke yake kwenye sahani nyeupe pana kama ungo, imezungushiwa matone ya mchuzi.

Kibwana akasogeza sahani yake. Mama akaichukua firigisi kwa vidole, akamwekea Nassoro.

"Kula, baba. Leo wewe ndiye uliyetukusanya."

Kibwana akairudisha sahani yake kwa wivu. Nassoro, macho yake dirishani kwenye bembea kubwa inayozunguka, hata hakuitazama ile firigisi, akampa bintiye. Mtoto akatafuna mara mbili, akaitemea kwenye kitambaa cha kufutia mikono.

"Ngumu."

Mhudumu alipokuja kuondoa vyombo, alinyoosha mkono achukue na kitambaa kile. Kibwana akakifunika kwa kiganja.

"Hicho kiache kwanza," alisema.