Sababu ya Dada Oleta

“Dada Oleta, una miaka sabini na mitatu na kazi yako ni kupiga kinanda kanisani. Bastola ya nini?”

Jirani yake, Dorsey Hatchett, alimuuliza hivyo mwezi wa nne, akiwa juu ya ngazi anazibua mifereji ya paa la Oleta. Oleta alikuwa ameishika ngazi kwa mkono mmoja, na mkoba wake kwa mkono wa pili.

“Ya majirani,” akamjibu.

Dorsey akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu amzike mkewe, Jonell, mwezi wa pili.

Wengine waliouliza walipewa sababu nyingine. Msusi wake aliambiwa ni mbweha wanaokula kuku. Mke wa mchungaji aliambiwa ni wale wanaume wanaopita nyumba kwa nyumba wakitafuta kazi ya kuezeka mapaa. Mwalimu wa shabaha alipotaka kujua kwa nini bibi mwenye miwani minene kama ile anajiandikisha darasani, aliambiwa ni mambo yake na Mungu wake. Kisha Oleta akaipiga risasi picha ya mtu iliyowekwa kuwa shabaha, sikio la kushoto, akaridhika.

Watu wakakubaliana kwamba ameanza kuwa mwoga. Ajabu yake ni kwamba bastola ile ya marehemu mumewe, Burl, ilikuwa imekaa miaka minane kwenye droo ikilinda soksi, na hakuna aliyemsikia akiitaja. Ghafla, mwezi wa tatu, ikahamia mkobani. Ikaenda naye dukani, ikaenda kwa daktari wa meno, ikaenda mpaka kwenye ubatizo.

Katika mji wao, jimbo la Arkansas kule Marekani, mwanamke mwenye bastola si habari. Kanisani walinzi wanne walisimama mlangoni kila Jumapili, makoti karibu yote yametuna ubavuni, wakiwakagua wageni kama wanunuzi wa ng’ombe. Hapangekuwa na neno lolote kama si maombi ya wagonjwa.

Mchungaji Lyle alikuwa amefika kwenye figo za Bi Maudie, mkoba wa Oleta ukateleza kutoka kwenye benchi na kuangukia vibao vya miguu vya kinanda. Kinanda kikanguruma kama ng’ombe anayezaa. Maudie akadhani ameitwa juu. Walinzi watatu wakatia mikono ndani ya makoti. Wa nne, Dorsey, mwenyekiti wao, alisimama tu na mikono yake mifukoni, na baada ya ibada watu wakamsifu kwa utulivu.

Jumatano Oleta akaitwa mbele ya kamati ya ulinzi, kwenye chumba cha nyuma ya jiko la kanisa. Kanuni ilikuwa wazi: anayeingia na silaha aandike jina lake na sababu yake kwenye daftari. Ndugu Cletus, wa kwanza kati ya walinzi, alikuwa ameandika, “Kulinda kundi la Bwana.” Wa pili aliandika, “Kama Cletus.” Wa tatu aliandika, “Mazoea.” Oleta akiacha nafasi tupu, ataondolewa kwenye kinanda, na mahali pake atawekwa mpwa wa Cletus na gitaa lake.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekipiga kinanda kile. Siku ya kumzika Burl alipiga mwenyewe, hakukosea hata mahali pamoja. Nyumbani hakuwa na wa kuzungumza naye. Mazungumzo yake ya wiki nzima yalikuwa pale, kwenye vidole.

Cletus akajitolea kuinunua hiyo bastola yaishe. Oleta akasema Burl hakutaka Cletus auziwe hata paka. Wakamuuliza kama kuna mtu anamtishia. Hakuna. Kama anasikia sauti za watu nyumbani. Akasema bado, ila anayasikia mahubiri ya Cletus hata akiwa bafuni. Wa tatu, aliyekuwa na njaa, akashauri aandike “mbweha” watu wakale. Oleta akakataa. Daftari la kanisa haliandikwi uongo, akasema. Mbweha ni wa saluni.

Mwishowe wale watatu wakaenda jikoni kukata pai, wakamwachia mwenyekiti amalize.

Dorsey hakuinuka. Siku hizi hakuwa mtu wa pai. Oleta aliitazama shingo yake ilivyopwaya ndani ya kola, na vifungo vya shati alivyovifunga kwa kupishana. Dorsey akaisogeza karatasi ya kumwondoa kwenye kinanda, akachukua kalamu. Hakuwa na ukali wowote.

“Sitaki kuitia sahihi hii, dada yangu. Jonell aliupenda sana upigaji wako. Iache nyumbani tu, kwenye droo yake ile ile. Nani ataigusa?”

Oleta akageuka kuhakikisha mlango umefungwa. Alikuwa amemwomba Mungu miezi mitatu asije akalazimika kulisema. Akasogeza kiti, akainama mpaka kofia yake ikakaribia kugusa uso wa Dorsey.

“Wanao walipozibeba bunduki zako zote baada ya mazishi, usije ukamfuata Jonell, Dorsey, walisahau kwamba ufunguo wa nyumba yangu unao wewe.”

Jikoni Cletus alikuwa akilalamika kwamba kipande chake ni kidogo.

Dorsey akaiweka kalamu chini. Kisha akatoa funguo zake mfukoni, akachomoa mmoja kwa ukucha, polepole, akauweka juu ya karatasi ambayo hakuitia sahihi, akachukua kofia yake, akatoka.